Lori linagonga likipata moto: shajara ya kuutafuta mlio

Lori lenyewe ni dogo, la dizeli, silinda nne, pampu ya nozeli ya mitambo ya zamani, na valvu zake zinasukumwa kwa fito kutoka kamshafti (mhimili wenye nundu unaofungua valvu) iliyo ndani ya bloku. Limetembea zaidi ya kilomita 300,000 na injini yake haijawahi kushushwa. Ndilo linaloniingizia riziki, kwa hiyo sitaki kulifungua kwa kubahatisha. Vifaa nilivyonavyo ni vya kawaida: spana na soketi, jeki moja, stendi mbili, fila geji (vibamba vya kupimia nafasi ndogo), bisibisi ndefu na simu. Naandika kila hatua inapoisha, makosa yakiwemo, ili mwenye mlio kama huu aanzie pale ambapo mimi nilipaswa kuanzia.

Jumamosi, 3 Mei 2025: Mlio wenyewe

Injini ikiwa baridi haina neno. Ikishapata moto, nikiiacha kwenye sailensi, yaani bila kukanyaga mafuta, inaanza: ko-ko-ko-ko. Ni mlio mzito, wa chuma kwa chuma, na mguu unausikia kwenye pedeli. Nikikanyaga mafuta mpaka mizunguko 1,500 hivi kwa dakika, unapotea. Nikiachia, unarudi pale pale.

Jirani yangu ni fundi wa miaka mingi. Alisimama mbele ya boneti, akasikiliza, akasema, "Konrodi hiyo, kijana wangu. Shusha injini kabla haijatoboa bloku." Mzee huyu namheshimu, na kama ni konrodi kweli, yaani mkono unaounganisha pistoni na kranki, ule mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini, ushauri wake ndio sahihi. Nikamwomba anipe siku chache nichunguze. "Sawa, lakini usiliendeshe," akasema. Hilo nimelishika, tangu leo lori linawashwa papo hapo lilipo, halitoki.

Nimeanza na oili. Kiwango kizuri, rangi nyeusi ya kawaida ya dizeli, haina maji wala harufu ya mafuta. Nikafungua swichi ya taa ya oili, nikafunga geji ya kuazima mahali pake. Injini ikiwa na moto: baa 1.5 kwenye sailensi, baa 4 kwenye mizunguko 2,500. Presha nzuri peke yake haiiondoi konrodi kwenye orodha ya washukiwa, maana beringi moja inaweza kulika bila geji kuonyesha chochote. Ila imenipa moyo wa kuendelea kuiwasha injini kwa vipindi vifupi.

Gharama: saa mbili.

Jumapili, 4 Mei: Kusikiliza kwa bisibisi

Ncha ya bisibisi kwenye chuma, mpini kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio. Nilizunguka injini nzima: tapeti kava (kifuniko cha juu ya valvu), kila nozeli, ubavu wa bloku, sampu (bakuli la oili la chini), gia boksi. Nyuma, kwenye gia boksi, kimya. Mbele, chini ya bloku karibu na silinda ya kwanza, mlio ulipiga kichwani kama nyundo.

Nikaandika kwenye karatasi "silinda 1". Neno hilo liliniongoza vibaya kwa wiki mbili. Bisibisi husikiliza vitu vilivyosimama tu. Kinachozunguka hukigusi, na hupaswi kukigusa, kwa hiyo kinachozunguka hakisikilizwi hata kidogo. Sauti ikitokea kwenye kitu kilichofungwa mbele ya kranki, itasafiri ndani ya kranki na bloku, na utaikuta kwenye chuma cha jirani ikiwa kali vilevile. Ningeandika "mbele, chini" na kuishia hapo, ningejiokolea mengi.

Tahadhari moja kabla sijasonga: mikono mirefu ya shati inakunjwa, na chochote kinachoning'inia shingoni kinavuliwa. Feni haimjui mtu.

Jumamosi, 10 Mei: Tapeti

Valvu zenye nafasi kubwa hugonga, ingawa kwa kawaida mlio wake ni mwepesi, tik-tik, na unatoka juu. Nilijua hivyo, lakini nafasi za valvu hazikupimwa muda mrefu, na ni kazi isiyogharimu kitu zaidi ya gasketi ya tapeti kava. Kitabu cha injini hii kinataka milimita 0.40 kwa valvu zote, injini ikiwa baridi. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2.

Hapa nilikosea. Nilizungusha kranki kwa soketi kwenye bolti ya puli ya mbele mpaka alama ya puli ikakutana na mshale, nikaingiza fila geji kwenye silinda ya kwanza, haikupita. Valvu zote mbili zilikuwa zimebana kabisa. Nikadhani nimempata mkosaji, nikalegeza skrubu zote mbili mpaka geji ikapita. Nilipozungusha kranki mzunguko mmoja kamili ili nifanye zilizobaki, nikaona roka (mikono inayosukuma valvu) za silinda ya kwanza zinachezacheza kwa nafasi ya kutisha.

Sababu ni hii. Pistoni hufika juu mara mbili katika kila mzunguko wa kazi: mara moja ikiwa imegandamiza hewa, valvu zote zimefunga, mara ya pili ikiwa inamaliza kutoa moshi na kuanza kuvuta hewa, na hapo valvu zote mbili zimefunguka kidogo. Mimi nilikuwa kwenye ile ya pili. Dawa ni kutazama silinda ya nne. Roka zake zikiwa ndizo zinazopokezana, moja inamalizia kupanda na nyingine inaanza kushuka, basi silinda ya kwanza iko kwenye mgandamizo. Hapo unapima zote mbili za silinda ya 1, ya kuingiza hewa ya silinda ya 2 na ya kutoa moshi ya silinda ya 3. Unazungusha mzunguko mmoja kamili, unapima zilizobaki: ya kutoa moshi ya 2, ya kuingiza ya 3, na zote mbili za 4.

Nilirudia zote nane. Mbili za kutoa moshi zilikuwa 0.55, nikazirudisha kwenye 0.40. Injini ikawa tulivu zaidi juu. Chini, ko-ko-ko iko vilevile.

Kuna jambo moja nililiona leo nikalipuuza. Roka za silinda ya nne zilipokuwa zinapokezana, alama ya puli haikuwa kwenye mshale. Ilikuwa imepitiliza kama digrii 20. Nilijiambia ni macho yangu na pembe niliyosimamia, nikafunga kava.

Gharama: gasketi moja, na saa tano ambazo mwenye kujua angetumia mbili.

Jumapili, 11 Mei: Nozeli

Nozeli inayodondosha mafuta vibaya hugonga mpaka ukaapa ni konrodi. Njia ya kuijua kwenye pampu ya zamani ni kulegeza nati ya bomba la nozeli moja injini ikiwa kwenye sailensi. Silinda hiyo inakufa, na kama mlio ni wake, unakufa nayo.

Soma hili kwa makini kabla hujajaribu. Injini za dizeli za kisasa zenye reli moja ya mafuta zina presha inayoweza kupita baa 1,000, na huruhusiwi kulegeza nati yoyote ikiwa inawaka. Mafuta ya presha hiyo hutoboa ngozi na kuingia mwilini, na jeraha linaloonekana dogo linaweza kumpotezea mtu mkono. Hata kwenye pampu ya zamani kama yangu, vaa miwani na glavu, funika nati kwa kitambaa kizito na usiweke uso wala kidole mbele yake.

Nilianza na silinda ya kwanza kwa sababu ya ile karatasi. Nililegeza, injini ikachechemea, na mlio ukapungua. Nikafurahi, nikazima, nikaifungua nozeli. Zile nyingine tatu sikuzijaribu kabisa, na hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote katika shajara hii. Jaribio la kukata silinda halina maana mpaka umekata zote nne na kulinganisha.

Nozeli ilipimwa kwenye mashine. Ilifunguka kwa presha yake, ikapuliza ukungu safi, haikudondosha hata tone. Nikairudisha na vizibo vipya vya shaba.

Gharama: kipimo kimoja cha nozeli, vizibo vya shaba, siku nzima.

Jumamosi, 17 Mei: Ndani ya filta

Kama beringi inalika, vipande vyake vitakuwa kwenye filta ya oili. Nilimwaga oili. Bolti ya sampu ina sumaku, na juu yake palikuwa na ute mweusi mwororo tu, hakuna kipande kinachoshikika kwa kucha.

Filta niliikata kwa msumeno wa chuma, nikatandaza karatasi yake juani. Moyo ulinishuka. Vipande ving'aavyo vilikuwa vingi ukingoni, na nilikaa chini muda mrefu nikihesabu itakavyonigharimu kuishusha injini. Kisha nikapitisha sumaku juu yake na vyote vikarukia. Bitana ya beringi za konrodi hutengenezwa kwa madini laini kama risasi, shaba, bati na alumini, na sumaku haivuti hayo. Yale yalikuwa machujo ya msumeno wangu mwenyewe kutoka kwenye kopo la filta, na yalikaa pembeni tu, pale nilipokata. Katikati ya mikunjo palikuwa safi.

Kwa atakayefuata: msumeno na grainda havifai kazi hii. Kuna kikata filta chenye gurudumu la kubana kama cha kukatia mabomba, hakitoi machujo. Kama huna, kata kopo mbali na karatasi, futa ndani kwa kitambaa, ndipo utoe karatasi.

Gharama: oili, filta, na usiku mmoja wa wasiwasi.

Jumapili, 18 Mei: Kuhesabu

Siku hii ilikuwa ya bure kabisa, na ndiyo iliyofungua njia. Nilirekodi mlio kwa simu, sekunde kumi, nikafungua sauti hiyo kwenye programu inayochora mawimbi. Ndani ya ngurumo ya kawaida kuna vilele virefu vinavyojitokeza kwa mpangilio. Nilihesabu vilele 66 katika sekunde tano, yaani kama 13 kwa sekunde.

Sailensi ya injini hii ni mizunguko 800 kwa dakika. Gawanya kwa 60: mizunguko 13.3 kwa sekunde. Basi mlio unagonga mara moja kila kranki inapozunguka mara moja. Valvu moja, au nozeli moja, hufanya kazi mara moja kwa kila mizunguko miwili ya kranki, na ingegonga mara sita au saba tu kwa sekunde. Alteneta huzunguka kasi zaidi ya kranki, nayo isingeangukia kwenye 13. Jumamosi ya tapeti na Jumapili ya nozeli zingeweza kuokolewa na dakika kumi za kuhesabu.

Waliobaki ni wanaokwenda na kranki: konrodi, beringi kuu, pistoni, flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) na puli ya mbele. Nikarudia jaribio la kukata silinda, safari hii zote nne. Kila nilipokata moja, yoyote ile, mlio ulibadilika mwendo, lakini hakuna hata moja iliyouua. Konrodi ya silinda moja ingenyamaza silinda yake inapokatwa. Ukiweka hilo pamoja na presha ya oili na filta safi, sasa naamini sehemu ya chini ya injini ni nzima.

Mdogo wangu alikanyaga klachi mimi nikisikiliza. "Bado, kaka?" Bado. Hakuna tofauti.

Jumamosi, 24 Mei: Mikanda nje

Nilipasha injini mpaka mlio ukaja, nikazima, nikatoa mikanda yote, nikawasha tena kwa dakika moja kwa kutazama saa. Isizidi hapo, kwa sababu pampu ya maji haizunguki na injini tayari ina moto.

Mlio haukuisha. Ulizidi uzito na ukawa hauna mpangilio. Feni, alteneta na pampu ya maji vilikuwa vimesimama kimya, kwa hiyo vyote vitatu viko huru. Na kitu kilichokuwa kinatulizwa na mvuto wa mikanda kilikuwa mbele ya macho yangu.

Puli ya kranki ya injini kama hii si kipande kimoja. Kuna kitovu kinachofungwa kwenye kranki, kuna pete nzito ya nje inayobeba mikanda, na kati yao kuna mpira uliogandishwa. Kazi yake kubwa ni kutuliza msokoto. Kila silinda inapowaka huipa kranki teke, na pete ile nzito juu ya mpira hulimeza teke hilo. Mpira ukiachana na chuma, pete inabaki kucheza yenyewe. Injini ikiwa baridi mpira ni mgumu na unashika kiasi. Ukipata moto unalainika. Kwenye sailensi mateke yako mbalimbali na kranki inakwenda kwa mishtuko. Ukikanyaga mafuta mwendo unalainika na pete inatulia. Kila nilichoandika tarehe 3 Mei kilikuwa kinaeleza kitu hiki.

Nilifuta grisi na vumbi, nikachora mstari mmoja wa rangi nyeupe kutoka kitovuni, juu ya mpira, mpaka kwenye pete. Nikawasha dakika moja, nikazima. Mstari ulikuwa umekatika, na nusu ya nje ilikuwa imesogea milimita kumi hivi. Kisha nikaweka mtaimbo mdogo nyuma ya pete, nikausukuma kwa mkono. Ko. Nikaurudisha. Ko. Mlio ule ule, injini ikiwa imezimwa. Nilimwita mdogo wangu aje asikie kwa sababu nilihitaji mtu mwingine aniambie sijakosea.

Ndipo nikaikumbuka alama ya tarehe 10. Alama imechongwa kwenye pete ya nje. Pete ilikuwa imeteleza juu ya mpira, na alama ikahama nayo. Macho yangu yaliona sawasawa. Puli ndiyo iliyosema uongo. Kwa bahati sikugusa taimingi ya pampu (wakati wa kupuliza mafuta), la sivyo ningeipanga kwa alama iliyohama digrii 20.

Jumamosi, 31 Mei: Kuing'oa

Radieta na feni vilitoka bila shida. Bolti ya puli ilihitaji kuzuia flaiwili: nilifungua kidirisha cha chini ya gia boksi, nikaingiza mtaimbo kwenye meno ya flaiwili, na mdogo wangu akaushika. Bomba refu kwenye mpini wa soketi likamaliza kazi.

Kosa la siku: nilishika puli kwa pula (kifaa cha kuvutia) ya kucha tatu, kucha zikiwa kwenye pete. Pete ikatoka peke yake mikononi mwangu na kitovu kikabaki kwenye kranki. Hata puli nzima haivutwi hivyo, maana mpira ndio unaobeba nguvu yote. Kitovu kina matundu mawili yenye nyuzi kwa kazi hii. Nilitoboa bamba la chuma, nikapitisha bolti mbili kwenye matundu yale na moja ya katikati ya kusukuma, nikiweka kipande cha chuma juu ya ncha ya kranki ili nyuzi za ndani zisiharibike. Kikatoka taratibu.

Mpira ulikuwa umepasuka kwa nje, na upande wa ndani umelainika ukawa kama gundi. Nyuma yake niliona sababu: oili sili ya mbele ilikuwa inavuja polepole, na oili imekuwa ikiunywesha mpira huo kwa muda mrefu. Kubadilisha puli bila sili kungekuwa kuiua puli mpya. Kii, kile kipande cha chuma kinachozuia kitovu kisiteleze kwenye kranki, na mfereji wake ni vizima, na sehemu ya kitovu inapokaa sili haina mkwaruzo wa kushika ukucha.

Puli ya kwanza niliyoletewa ilikuwa na kipenyo kile kile na mifereji ile ile ya mikanda, lakini nilipoilaza juu ya ile ya zamani nikaona alama ya taimingi iko upande mwingine ukilinganisha na mfereji wa kii. Imerudishwa. Usikubali puli kwa kupima kipenyo tu. Ukilinganisha na pete iliyoteleza pia utajidanganya. Linganisha na mchoro wa kitabu.

Jumapili, 8 Juni: Kuifunga

Puli sahihi imefika. Sili mpya imepakwa oili mdomoni na kugongwa sawasawa kwa kipande cha bomba chenye upana wake. Puli niliivuta kwa bolti mpaka ikakaa, sikuigonga kwa nyundo, kwa sababu pigo la mbele ya kranki huishia kwenye beringi zinazoizuia isisogee mbele na nyuma. Bolti mpya, kwa toki renchi na kipimo cha kitabu cha injini hii. Mikanda mipya pia, ya zamani ilikuwa imeloa oili.

Kabla ya kuwasha nilifungua tapeti kava tena na kutazama roka za silinda ya nne. Zilipopokezana, alama ilikuwa kwenye mshale, palepale.

Nikawasha, nikasubiri joto, dakika ishirini na zaidi. Sailensi 800. Ngurumo ya dizeli tu. Jirani alikuja, akaweka kiganja kwenye madigadi, akanyamaza muda. "Sasa hiyo injini," akasema. Akaomba ile puli mbovu awaonyeshe vijana wake kazini, nami nikampa.

Gharama ya mradi hadi leo: puli pekee imezidi vitu vyote vingine vikijumlishwa, yaani sili, bolti, mikanda, gasketi, vizibo vya shaba, kipimo cha nozeli, oili na filta. Wikiendi sita za kazi. Kilichohitajika kweli ni puli, sili, bolti, mikanda na wikiendi mbili.

Jumamosi, 21 Juni: Baada ya kilomita 600

Nilichora mstari mweupe kwenye puli mpya siku ileile ya kuifunga. Leo, baada ya kilomita 600, safari tatu zikiwa na mzigo kamili, mstari haujakatika. Mbele ya injini ni pakavu.

Imebaki tik-tik nyepesi asubuhi injini ikiwa baridi, inayoisha baada ya dakika tano. Nimeirekodi na kuihesabu kwanza: kati ya sita na saba kwa sekunde kwenye sailensi, nusu ya mwendo wa kranki, kwa hiyo ni kitu cha silinda moja. Kwenye manifoldi ya egzosi, mlango wa silinda ya tatu, kuna masizi meusi yaliyopuliziwa juu ya hedi. Gasketi na stadi mbili (bolti zisizo na kichwa) nimeshaagiza.